Mita Inayohesabu Upepo

Futi aliisoma mita, akakifuta kioo chake kwa pindo la shati, akaisoma tena. Akazunguka upande wa pili wa bomba, labda namba zitaona haya zikitazamwa kutoka huko. Wapi. Mia nne na sabini, palepale.

Mgao wa shangazi yake ulikuwa yuniti mia tatu kwa mwezi. Yuniti moja ni mapipa matano ya maji, yale mapipa makubwa ya bati. Piga hesabu mwenyewe: mama mmoja, nusu eka ya vitunguu, kazidisha mapipa mia nane na hamsini. Yaani ungedhani kafuga tembo na anawaogesha kila siku jioni.

Akateremsha tepu kisimani. Hiyo tepu ndiyo iliyompa jina. Ina kichwa cha chuma mwishoni, na kikigusa maji kinalia kama kifaranga. Alisikiliza. Kifaranga kikalia mita kumi na nusu. Mwezi uliopita kililia tisa na nusu, mwezi wa nyuma yake nane, na mwanzoni mwa mwaka saba. Mita inapanda, maji yanashuka. Kila mtu bondeni alijua maana yake: mwenye kisima anavuta bila huruma. Kesi imekwisha, hata mtoto angehukumu.

Lakini vitunguu vilikuwa vimelala chini. Majani yamepauka kwenye ncha, udongo wa kichanga umekuwa mwepesi kama majivu, na ile mistari ya mwisho kule karibu na uzio ilikuwa haitazamiki. Futi alisimama katikati ya shamba, koleo mfukoni, daftari kwapani, akajiuliza swali moja tu: mtu gani huyu anaiba maji halafu shamba lake mwenyewe linakauka?

Hakupata jibu, na hilo lilimuudhi, maana alikuwa mtu wa haraka. Shule aliiacha mapema kwa sababu hakuweza kukaa kwenye benchi moja kutwa nzima. Kazi hii ya chama cha maji ilimfaa: baiskeli, visima sitini na tatu, soma mita, shusha tepu, andika, twende. Haikuhitaji kufikiri. Leo ilihitaji, na leo ilikuwa Jumatatu, na kikao cha chama kilikuwa Alhamisi.

Sheria ya chama ilikuwa fupi. Ukizidisha mgao miezi mitatu mfululizo, kisima chako kinapigwa lakiri, ule waya mwembamba wenye kidonge cha risasi, na ole wako uukate. Huu ulikuwa mwezi wa tatu wa shangazi. Vitunguu vyake vilibakiza wiki tatu ving'olewe. Bila maji wiki tatu, hakuna vitunguu, kuna nyuzi. Na anayekwenda kuuzungusha huo waya kwa koleo ni nani? Futi mwenyewe. Ndiyo kazi yake. Kisima cha mwanamke aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati.

"Umemaliza kunichungulia kisimani?" Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, jembe begani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana kama soksi?"

"Nataka kukuuliza kitu. Usikasirike."

"Ukianza hivyo nishakasirika. Uliza."

"Maji unamuuzia nani?"

Shangazi alilishusha jembe polepole. Futi akarudi hatua moja, siyo kwa woga, kwa uzoefu.

"Rudia."

"Mita inasema mia nne na sabini. Hapa shambani hayapo, hata kipofu anaona. Sasa yameenda wapi?"

"Niuze maji? Mimi? Mimi niliyekuogesha kwenye beseni mpaka una miaka tisa kwa sababu ulikuwa unaogopa bomba la mvua?"

"Shangazi, mambo ya beseni hayaingii kwenye fomu."

"Basi hiyo fomu yako imepungukiwa!" Alikohoa kwa hasira, akaendelea kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo mbaya. "Nisikilize wewe. Zamani nilikuwa nawasha pampu kwa saa moja na nusu, shamba zima limelowa. Sasa nawasha kwa saa tatu, mistari ya mwisho hata haijui kama nimewasha. Maji yenyewe yanakuja yanakohoa. Halafu unakuja na kadaftari kako kuniita mwizi. Toka."

Futi alitoka, ila hakuenda mbali. Lile neno la kukohoa lilimpita sikioni kama nzi, hakulikamata. Yeye kichwani alikuwa na kitu kimoja: bomba la siri. Lazima kuna mtu kachimba akaunganisha chini kwa chini. Mchana kutwa alizunguka shamba na fimbo ya chuma, akichoma ardhi kila hatua. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kumtazama.

"Futi! Umepoteza nini, akili?"

"Pita zako!"

Hadi jua linapinda alikuwa amechimbua kandambili moja ya kushoto, kufuli lisilo na ufunguo, na kijiko kikubwa cha shangazi, kile alichochapwa kwa kukipoteza akiwa darasa la tatu. Bomba hakuna. Shangazi alikichukua kijiko, akakitazama, akasema tu, "Kumbe ulikifukia," akaingia ndani.

Jumanne asubuhi Futi alirudi kabla pampu haijawashwa. Hakusalimia sana. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, uso wake umekaribia mita kama anataka kuibusu, akamwambia shangazi awashe.

Mwanzo maji yalikuja mazuri, mazito, yanang'aa. Kigurudumu kidogo chekundu kwenye mita kikazunguka taratibu. Dakika kumi. Futi alikuwa ameanza kusinzia. Mara bomba likafanya *kuh!* Likatema mate, likanyamaza, likapuliza, *kuh-kuh-kuh*, maji kidogo, hewa tele. Na kigurudumu? Kigurudumu kikapagawa! Kikazunguka mpaka huoni meno yake.

Futi aliruka kutoka kwenye ndoo. "Zima! Hapana, usizime! Washa!"

"Nimewasha, wewe!"

"Acha hivyohivyo! Pipa liko wapi?"

Walilivingirisha pipa la bati kutoka nyuma ya nyumba, Futi akauelekeza mpira wa maji ndani, akaandika namba ya mita. Pipa lile lilikuwa la lita mia mbili, limeandikwa ubavuni. Lilijaa kwa shida, kama mtu anayejazwa chai kwa kijiko. Lilipofika ukingoni Futi akaisoma mita tena, akatoa ile namba ya mwanzo. Akatoa upya. Akamwita shangazi naye atoe, maana shangazi alikuwa mzuri wa kutoa.

"Lita mia nne sitini na tano," alisema Shangazi.

"Na pipa?"

"Pipa si hilo, mia mbili."

Wakatazamana.

"Kwa hiyo," Futi alisema, akijikuna kisogo, "mita inahesabu upepo."

"Mimi nilikwambia yanakohoa."

"Uliniambia."

"Ukaniita mwizi."

"Shangazi, nisubiri hapa."

"Niende wapi, na shamba ni langu?"

Ofisi ya chama ilikuwa na vyumba viwili vilivyogawanywa na ukuta mmoja wa mbao. Chumba cha kushoto, visima. Cha kulia, mfereji wa kumwagilia bonde. Karani wa visima alikuwa mama mnene wa miwani ya kuning'inia kwa kamba, na karani wa mfereji alikuwa bwana mmoja mwembamba aliyevaa suruali juu kitovuni. Hao wawili hawakuwa wamesalimiana mwaka na nusu, tangu chama kiliponunua feni moja na feni ikaenda kulia. Karatasi za kushoto hazikuwahi kuvuka kwenda kulia, wala za kulia kuja kushoto. Maji ya chini yalikuwa ya mama, ya juu ya bwana, na mtu asiingilie.

"Inahesabu nini?" Karani wa visima alishusha miwani.

"Upepo. Pampu inavuta hewa, hewa inapita, mita inadhani ni maji."

"Mita ni mpya."

"Mpya, lakini mjinga."

"Na upepo niuandike kwenye fomu gani, mwanangu? Nina fomu ya maji tu." Hakuwa anamkejeli. Alikuwa anauliza kweli, kalamu mkononi. Kisha akafikiri kidogo, akaongeza. "Haya, tuseme hajazidisha. Tuseme katumia kidogo kuliko mgao wake. Mbona kisima kimeshuka mita tatu na nusu? Nani kayanywa?"

Hilo Futi hakulifikiria hata kidogo. Alikuja mbio akidhani amelikamata jambo, kumbe amekamata mkia tu. Kama shangazi hakuyavuta, yameenda wapi? Alikaa kwenye benchi la mbao, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alitamani angekuwa fundi baiskeli.

Ng'ambo ya ukuta karani wa mfereji alikuwa anajisifu kwa mgeni fulani, sauti inapita kwenye mbao kama hakuna kitu. "Sasa hatupotezi hata tone, bwana! Kabla hatujausakafia mfereji, kati ya lango la tatu na la nne peke yake yalikuwa yanapotea mapipa arobaini kila saa. Arobaini! Tangu mwanzo wa mwaka, sifuri. Saruji ni kitu kingine."

Mwanzo wa mwaka. Futi aliinua kichwa.

Akaenda kulia bila kupiga hodi. "Hayo mapipa arobaini yalikuwa yanapotelea wapi?"

"Wewe si wa kushoto?" Karani alishtuka.

"Yalikuwa yanaenda wapi?"

"Ardhini."

"Ardhini wapi?"

"Ardhini ni ardhini, kijana! Yanazama, yamekwisha, yamepotea. Nimeandika hapa: yamepotea."

Kati ya lango la tatu na la nne palikuwa na shamba moja lililougusa mfereji, nalo lilikuwa la shangazi. Futi alilijua vizuri kipande hicho cha saruji. Alikuwa kibarua wa kukoroga zege hapo, kabla hajapewa tepu. Mchana shangazi alikuwa akiwaletea mafundi chakula kwenye sufuria, anawaambia pigeni vizuri wanangu, mfereji upendeze.

Aliondoka bila kuaga. Alikuwa ameelewa na hajaelewa. Kama ndotoni, unaona mlango lakini mguu haunyanyuki. Maji yaliyopotea kwenye daftari la bwana ndiyo yaliyokuwa yakitokea kisimani kwa Shangazi? Basi yalikuwa ya nani? Na yeye, kwa mikono yake miwili, ndiye aliyeyaziba? Jumatano nzima alisoma mita za watu wengine akaziandika vibaya, mpaka mkulima mmoja akamwambia, "Futi, hiyo ni namba ya simu yangu."

Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa chama alikuja shambani, mfupi, sauti kubwa kuliko mwili, na makarani wake wawili wakimfuata, mmoja kila upande wa njia. Futi ndiye aliyeomba waje. Alisema kikao kikae kisimani au asitumwe tena kupiga lakiri. Mwenyekiti alikubali kwa sababu hakuelewa anakataa nini.

Pampu ikawashwa, pipa likawekwa, bomba likakohoa. Mwenyekiti alisoma mita mwenyewe. Akatumbukiza mkono kwenye pipa mpaka kwapani, sijui alitafuta nini humo.

"Mita inasema lita mia nne na ushee. Hapa kuna mia mbili. Nyingine ziko wapi?"

"Zimekupuliza usoni, mwenyekiti," Futi alisema. "Ndizo hizo zilizokuondoa kofia."

Mwenyekiti aliokota kofia. "Kwa hiyo huyu mama hajazidisha."

"Hajazidisha," alikubali karani wa visima, "ila kuna kifungu kingine. Kisima kikianza kuvuta hewa kinahesabiwa kimekauka. Na kilichokauka kinapigwa lakiri, kisije kikaharibika zaidi."

Bomba likakohoa tena.

Shangazi akaanza kucheka, kile kicheko chake cha matusi. "Nikitumia sana, nafungwa. Nikikosa, nafungwa. Hebu niambieni, nikifa mtanifunga na kaburi?"

"Sheria haikutungwa kwa ajili yako, mama," mwenyekiti alisema, naye anajifuta mkono kwenye suruali. "Haya, Futi. Koleo."

Futi aliitoa koleo mfukoni. Akaitazama. Halafu akamshika mwenyekiti mkono, ule uliolowa, akambandika koleo kiganjani.

"Funga wewe."

"Nini?"

"Funga wewe, mimi siwezi. Halafu ukimaliza, twende nikakuonyeshe kitu."

"Futi, usinichezee."

"Sichezi! Twende hata sasa. Hatua thelathini tu."

Walimfuata, labda kwa sababu alikuwa amegoma na hawakuwahi kumwona hivyo. Kwenye ukingo wa mfereji, juu ya saruji nyeupe, kulikuwa na alama ya kiganja kilichokandamizwa zege likiwa bichi. Futi aliweka mkono wake juu yake. Ulitoshea sawasawa.

"Huyu ni mimi," alisema. "Shangazi, huyu ni mimi. Mimi ndiye niliyekuziba."

Shangazi hakuelewa. "Umeniziba nini?"

Futi alijaribu kueleza. Alieleza vibaya. Alianza na kifaranga, akaingia kwenye mapipa arobaini, akarudi kwenye feni, akasema maji ya juu ni ya chini na ya chini ni ya juu, mpaka mwenyekiti akashika kichwa. Mwishowe akanyakua daftari la karani wa mfereji na faili la karani wa visima, akavilaza ubavu kwa ubavu juu ya saruji, akaweka kidole huku na kidole kule.

"Someni wenyewe basi! Mwezi wa kwanza. Huku yameacha kupotea. Huku yameanza kushuka. Mwezi uleule!"

Makarani wawili waliinama. Miwani ya mama ikaning'inia juu ya karatasi za bwana.

"Hii saba yako ni ya tarehe ngapi?" aliuliza karani wa mfereji, akiiambia karatasi.

"Tano," alijibu karani wa visima, naye akiiambia karatasi.

"Sisi tulimaliza saruji tarehe mbili."

"Eh."

"Eh."

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa mwaka na nusu, na hayakuwa mengi, lakini Futi aliona mgongo wa karani wa visima umelegea.

"Mnaniambia nini?" mwenyekiti alipaza sauti. "Tuivunje saruji? Bonde zima tulilala njaa kwa ajili ya hii saruji!"

"Siyo kuvunja," Futi alisema. Hakuwa ameliwaza kabla, lilimtoka hivyohivyo. "Ule mtaro wa zamani wa udongo, unaopita nyuma ya shamba. Fungueni lango la tatu kidogo, kwa saa mbili kila asubuhi, maji yakae humo yanywewe na mchanga. Siku kumi. Nikishusha tepu nikakuta yamepanda, mnakiacha kisima wazi. Nikikuta yameshuka, nakipiga lakiri mwenyewe na kazi naacha."

Karani wa mfereji alitikisa kichwa. "Maji nimwage kwenye udongo? Nitalazimika kuandika yamepotea. Sifuri yangu itaharibika!"

"Andika yamepotea," karani wa visima alisema. "Mimi nitaandika yamepatikana."

"Ni maji yaleyale?"

"Nadhani."

"Sasa yametumika mara moja au mara mbili?" mwenyekiti aliuliza. Aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Akamrudishia Futi koleo. "Siku kumi," alisema, akaondoka akiwa bado anahesabu kwa vidole.

Walipobaki wawili, Shangazi alikaa ukingoni, akakitazama kile kiganja muda mrefu.

"Nilikuwa nawaletea chakula," alisema.

"Najua."

"Nikasema pigeni vizuri."

"Tulipiga vizuri, Shangazi. Ndiyo shida yenyewe."

Alimpiga kofi la begani, siyo la kumuumiza, wala siyo la mchezo.

Siku kumi zilikuwa ndefu. Mistari miwili ya mwisho ilikufa, hiyo haikuwa na dawa. Kila asubuhi maji ya mtaro yaliingia yakazama mchangani, na Futi alikuja akayatazama yakizama, asielewe kama anaona maji yanapotea au yanaenda nyumbani. Tepu hakuishusha. Aliapa hataishusha kabla ya siku yake.

Siku ya kumi aliishusha. Mita nane, kimya. Tisa, kimya. Tisa na nusu. Kifaranga kikalia tisa na sentimita themanini. Akaipandisha, akaifuta, akaishusha tena. Themanini. Mara ya tatu, themanini. Yamepanda sentimita sabini. Siyo nyingi, lakini yamepanda, na waya wa lakiri ukabaki mfukoni.

Alifungua daftari aandike, akakwama. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu: chanzo cha maji. Kisima, au mfereji. Weka alama mahali pamoja.

"Yamepanda?" Shangazi aliuliza, mkono tayari kwenye swichi.

"Yamepanda. Ngoja kwanza. Haya ni ya kisima au ya mfereji?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nataka kuandika vizuri. Nikiandika kisima, yule bwana atasema ni yake. Nikiandika mfereji, yule mama wa visima atasema..."

"Nimwagilie au nisubiri uamue?"

Futi aliweka kalamu kwenye kisanduku cha kwanza, akaiondoa, akaipeleka cha pili, akaiondoa tena. Bado alikuwa anafikiri pale pampu ilipowaka, na bomba, bila kukohoa hata mara moja, likamlowesha miguu.